Mpira wa Chini Ulikuwa Baridi

Mpira wa juu wa kupitisha maji ya rejeta ulikuwa wa moto hata Naetwe akauachia haraka na kuvipuliza vidole. Akainama, akashika mpira wa chini. Ulikuwa baridi. Haukuwa na uvuguvugu wowote. Ulikuwa baridi kabisa, kana kwamba injini haijawashwa tangu juzi, na hali ilikuwa ikinguruma mbele yake na mshale wa joto unakaribia alama nyekundu.

Akaizima. Akakaa juu ya kigoda, akaitazama ile pikipiki kwa jicho la mtu aliyetukanwa.

"Sasa wewe unanitafuta nini?" aliiuliza.

Fundi yeyote anajua maana ya moto juu na baridi chini. Maji hayazunguki. Yakizunguka, yanatoka kwenye injini yakiwa ya moto, yanapita kwenye rejeta yakapigwa upepo, yanarudi chini yamepungua ukali lakini bado yana uvuguvugu wake. Yakisimama, injini inachemka peke yake na rejeta inakaa pembeni kama mgeni asiyekaribishwa chakula. Naetwe alilijua jambo hilo tangu akiwa msichana wa kuwashikia mafundi tochi, na ndiyo maana moyo ulianza kumwenda mbio kabla hajachukua spana.

Kwa sababu alikuwa amekwisha kula yamini.

Asubuhi hiyo hiyo, mbele ya watu wote wa Kituo cha Kirongwe, alikuwa ameweka kiganja juu ya injini hii ikiwa imepoa, akasema maneno ambayo fundi mwenye muhuri husema: "Mashine hii ilitoka mkononi mwangu ikiwa nzima. Aliyeichoma ni aliyeipanda." Alisema kwa sauti kavu, sauti ya mtu anayejiamini, na kisanduku cheusi cha mkoa, kinachotunza viapo, kikayameza maneno yake kikawasha taa ya kijani. Aliyeipanda alikuwa Kajiru. Alasiri, jua likilegea, Kajiru angekatwa uzi.

Kila pikipiki ya mlimani ilikuwa na uzi, waya mwembamba uliotoka kwenye injini ukaingia kwenye kijitundu cha shaba kwenye kifundo cha mkono wa mwendeshaji. Joto la injini likawa homa yake, na kukwama kwake kukawa maumivu yake. Zamani waendeshaji walikuwa wakiziua mashine, wanavuta mafuta kana kwamba chuma hakina mwenyewe, ndipo wataalamu wakapata wazo kwamba mtu akiumwa pamoja na injini ataitunza. Wazo zuri sana ukilisikilizia ofisini. Na pikipiki zenyewe hazikuwa na mbadala: betri zilishindwa na miaka ya joto, zikavimba kama maandazi, ndege ndogo za mizigo zilipondwa na pepo za kwenye magenge. Vikabaki vyuma hivi vya kunywa spiriti ya mkonge, vinavyopanda na dawa za sukari mpaka vijiji vya juu ambako hakuna gari linalofika.

Kajiru alikuwa amepanda na sanduku la dawa. Kwenye kona ya Kwa Mnyika injini ikachemka, homa ikamwangusha yeye na mashine kwenye tope. Alipozinduka alijitwisha sanduku, akaenda kwa miguu mpaka likafika. Pikipiki ikarudishwa kwa mkokoteni, rejeta imezibwa na matope, haina hata tone la maji. Naetwe aliyaona yale matope akatosheka. Mwendeshaji amekatiza kwenye udongo wa mfinyanzi, hakusimama kusafisha rejeta, injini imekosa upepo. Mtoto mdogo angeliona hilo. Hakufungua hata nati moja.

Sasa alikuwa anaitayarisha kwa ajili ya mwendeshaji mwingine. Alikuwa amebandua tope kidogo tu upande wa kushoto, akajaza maji, akaiwasha. Haikukaa sana ikaanza kuchemka.

Alianza na vitu ambavyo vingemsitiri. Kifuniko cha rejeta kilikuwa kizima, na springi yake ngumu. Thamostati aliitumbukiza kwenye sufuria ya maji yanayotokota, ikafunguka vizuri tu. Gasketi ya hedi ingekuwa imeungua, maji yangetoa mapovu kwenye mdomo wa rejeta. Aliinama akatazama mpaka shingo ikamuuma, hayakutoa. Kila alichokikuta kizima kilimzidishia hofu. Ukabaki mpira wa chini na pampu ya maji, na pampu hiyo aliyeifungua kubadilisha sili ya kuzuia maji yasivuje, muda mfupi kabla ya safari ya Kajiru, alikuwa yeye mwenyewe na si mtu mwingine.

Alilegeza kibano, akauvuta mpira. Maji ya kijani yakamwagika miguuni. Akaingiza kidole kwenye mdomo wa pampu, kidole kikagusa kitu laini.

Hakukivuta mara moja. Alikaa hivyo, kidole ndani, amefumba macho.

Vumbi la Kirongwe halibishi hodi, na kila fundi wa pale akifungua injini huziba midomo yote kwa vitambaa mpaka atakapofunga tena. Wengine walitumia matambara yoyote. Naetwe alitumia mabaki ya sare ya kwaya ya akina mama, zambarau yenye maua ya njano, aliyopewa na fundi cherehani kwa kuwa yeye ndiye kiongozi wa sauti ya kwanza. Watu walimtania kwamba iko siku pikipiki zake zitaimba. Alipenda utani ule.

Akavuta. Kikatoka kitambaa cha zambarau, kimejikunja kama kidole cha maiti, na maua yake ya njano yakiwa bado yanaonekana vizuri.

Akaelewa yote kwa mkupuo. Alipoijaribu pikipiki uwanjani, kitambaa kilikuwa kimelala ubavuni mwa mpira, maji yanapita. Kwenye mlima, pampu ilipokimbia kwa nguvu, ikakinyonya mpaka mdomoni pake. Aliyeichoma hakuwa aliyeipanda.

"Mungu wangu," alinong'ona. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kudhani atalifanya: akatazama huku na huku kama mwizi wa kuku, akakisokomeza kile kitambaa kwenye mfuko wa aproni.

*

"Hodi, Mama Fundi. Shikamoo."

"Marahaba," Naetwe alijibu bila kugeuka. Aliijua ile sauti.

Kajiru alisimama mlangoni na ndoo na brashi. Alikuwa mwanamume mrefu, mpole, aliyeoa si zamani sana. Midomo ilikuwa bado imebabuka kwa homa, na kifundo cha mkono kimevimba kuzunguka ile shaba. Naetwe alikuwa amesahau. Ilikuwa desturi ya kituo: anayekwenda kukatwa uzi huja kuiosha mashine yake mara ya mwisho, kwa mkono wake, wasiachane kwa kinyongo.

"Naona umeshaifungua," alisema Kajiru.

"Naikagua tu. Osha, osha."

Kajiru akachuchumaa, akaanza kuosha. Maji ya kitambaa yalikuwa yamekwisha kupenya aproni na gauni, yanamteremka Naetwe pajani, ya baridi. Alisimama nyuma ya meza ya kazi ili doa lisionekane. Alijipa moyo kwa neno moja tu: matope. Kitambaa ni kweli, lakini matope nayo yalichangia. Huenda makosa ni nusu kwa nusu. Huenda ya Kajiru ni makubwa zaidi. Aliling'ang'ania neno hilo kama mtu aliyefikwa na maji ya shingo.

Brashi ikagusa upande wa kulia wa rejeta. Tope likabanduka bamba zima, kama ganda la yai lililochemshwa, likaanguka sakafuni. Ndani lilikuwa laini, bichi.

Naetwe alilitazama lile bamba. Matope yanayoingia kwenye rejeta ya moto huungua yakawa tofali. Huwa anayachokoa kwa msumari mpaka anakata tamaa. Haya hayakuona moto. Yaliingia baada ya injini kuzimika, pale kijana wa watu alipolala kwenye tope hajitambui, mashine imemlalia mguu. Na Naetwe alikuwa ameapa kwa kuyategemea matope hayo.

"Mama Fundi," Kajiru alisema huku akisugua, "nimekuja pia kukuomba radhi."

"Mimi?"

"Ulinipa mashine nzima nikaiharibu. Nimejiuliza sana nilikosea wapi. Homa ilinipanda ghafla, sikupata hata dalili. Lakini wewe ukisema ni mimi, basi ni mimi. Labda sikuisikiliza vizuri."

Naetwe alitamani sakafu ipasuke immeze.

"Kinachoniuma ni mtoto," Kajiru aliendelea, akiuinua mkono wenye brashi. "Mkono wenyewe ndio huu wa kulia. Wanasema uzi ukikatwa, mkono unakufa ganzi moja kwa moja, kama wa Mzee Mgonja. Sasa usiku mtoto akilia, nikimshika paji la uso, nitajuaje kama ana homa?"

Mzee Mgonja alikatwa uzi miaka mingi iliyopita. Kila siku alikaa kwenye benchi la mkahawa wa kituo akipuliza chai iliyokwisha kupoa, kwa kuwa kikombe cha moto na cha baridi kwake vilikuwa vitu vimoja. Watoto walimcheka. Naetwe mwenyewe alikuwa akitabasamu anapopita.

"Kajiru," alisema.

Yule mtu akainua uso, anamngojea. Ilikuwa ni sentensi moja tu. Ilikuwa pale kooni, imekamilika.

"Usisahau kuosha chini ya tandiko," Naetwe alisema.

"Sawa, Mama."

*

Mkuu wa kituo, Mzee Kitururu, hakuhitaji kuelezwa sana. Naetwe alikiweka kitambaa mezani pake, na kabla hajasema neno mzee akavua miwani.

"Hii si sare yenu?"

"Ndiyo yenyewe. Imetoka kwenye pampu ya Kajiru."

Mzee Kitururu akainuka, akafunga mlango, akarudi taratibu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, mwenye kituo kimoja, fundi mmoja tu mwenye muhuri, na vijiji vingi.

"Umemwambia nani?"

"Hakuna."

"Basi usimwambie mtu." Alikisogeza kitambaa kwa ncha ya kalamu, kana kwamba kinauma. "Nisikilize, Fundi. Mkoa wakijua, muhuri wako wanauchukua leo hii hii. Bila muhuri hakuna mashine inayotoka hapa. Watatuletea fundi mwingine lini? Baada ya mvua, kama wakikumbuka. Dada yangu yuko huko juu, anaishi kwa sindano. Unamjua, mmeimba naye. Kuna wengine mfano wake. Pima mwenyewe: mkono mmoja wa Kajiru, na watu wote hao."

"Ni mkono wake, Mzee. Si wangu wala si wako."

"Nimekuelewa. Mimi sikwambii ni haki." Alivaa miwani. "Halafu unajua sheria. Kiapo cha fundi hakifutwi kwa mdomo. Mkoa walikwisha kuona mafundi wanabembelezwa na ndugu wa waendeshaji, leo anaapa, kesho anajitia kusahau. Kinafutwa kwa mwili tu. Itabidi uvae uzi, kitambaa kirudishwe mlemle, injini iwashwe. Kwa umri wako huo? Moyo ukisimama, tumekukosa wewe na muhuri vyote."

Naetwe alikichukua kitambaa, akakirudisha mfukoni. Alipotoka nje alijikuta ameshusha pumzi ndefu, ya raha. Mtu mkubwa amekwisha kumwambia anyamaze; mzigo si wake peke yake tena. Alitembea hatua chache na ile raha, kisha akaitambua ni nini. Uso ukamwaka. Katika mambo yote ya siku hiyo, hakuna lililomtia haya kama ile pumzi.

*

Watu walikusanyika uwanjani, kwenye kivuli cha matangi ya spiriti. Pikipiki ililetwa katikati, inameta. Kajiru aliiosha kama anavyoogeshwa bwana harusi. Afisa wa mkoa, mwanamke mnyamavu mwenye kisanduku cheusi, alitoa mkasi wake mdogo usio na makali, ule wa kukatia kwa umeme, akaufuta kwa pamba. Mke wa Kajiru alisimama na mtoto mgongoni, amejikaza kisabuni. Mzee Mgonja alikuja na kikombe chake, akakaa juu ya ukingo wa saruji, akapuliza.

"Nyoosha mkono," afisa alisema.

Kajiru akanyoosha. Alimtazama Naetwe akamwitikia kwa kichwa, kama anayesema usijali, na kule kuitikia ndiko kulikommaliza.

"Subirini," Naetwe alisema.

Mzee Kitururu akakohoa. "Fundi..."

"Subirini jamani." Aliingiza mkono mfukoni, akatoa kitambaa, akakikunjua juu ya vichwa vya watu waliokaa mbele, kwa kuwa hakutaka mtu yeyote baadaye aseme hakukiona. Zambarau. Maua ya njano. Kutoka kwa akina mama wa kwaya ikatoka sauti ndogo, "Uwii," ikakatika. "Mnakijua. Nilikisahau kwenye pampu. Maji hayakupita. Kajiru hakuchoma mashine. Mimi ndiye nimemchoma Kajiru. Na leo asubuhi niliapa bila kufungua hata nati moja, kwa kuwa nilijua mimi sikosei."

Matangi yalisikika yakilia kwa joto. Kajiru alishusha mkono polepole. Hakuonekana kufurahi. Alionekana kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba aliyolala miaka yote si yake.

"Kauli haitoshi," afisa alisema, bila ukali.

"Najua haitoshi."

Alilifanya jaribio mwenyewe. Alipiga magoti mbele ya watu wote, akafungua kibano, akakirudisha kitambaa kwenye mdomo wa pampu alikokitoa, akafunga, akajaza maji. Kisha akavaa bangili ya majaribio ya mafundi, ile ambayo hakuivaa tangu siku ya kupewa muhuri, akachomeka uzi.

Injini ikawaka. Mwanzoni haikuwa mbaya. Ilikuwa kama kukaa karibu na jiko. Afisa akazungusha mkono wa mafuta, injini ikapanda sauti, inapanda mlima pale pale iliposimama, na Naetwe akangojea dalili: kichwa kugonga, jasho, chochote cha kumwonya mtu mwenye akili timamu asimame. Hakikuja. Kilichokuja ni moto wenyewe, mzima, kutoka kwenye kifundo mpaka kwenye meno, na macho yakaona weusi. Kumbe Kajiru alisema kweli: Sikupata hata dalili. Alifikiri juu ya kona ya Kwa Mnyika, genge upande wa kushoto, sanduku mgongoni, akajaribu kusema zima, zima, ulimi ukawa kipande cha mbao.

Mkono ukapita mbele ya uso wake, ukabonyeza kitufe. Injini ikafa. Ulikuwa mkono wa kulia wa Kajiru.

"Inatosha," Kajiru alimwambia afisa. "Ndivyo ilivyokuwa. Namwona usoni."

Kisanduku cheusi kilifikiri, kikazima taa ya kijani. Kiapo kimefutwa. Afisa akarudisha mkasi kwenye pamba, kisha akanyoosha kiganja, na Naetwe, akiwa bado amekaa chini, akauvua muhuri shingoni akampa. Mke wa Kajiru ndiye aliyeanza kulia, kwa sauti. Watu wakamzunguka mumewe, wanampiga mabega. Mzee Kitururu alisimama peke yake, anatazama juu mlimani.

"Sanduku la kesho?" aliuliza, bila kumuuliza mtu hasa.

"Nitalipeleka kwa miguu," Kajiru alisema. "Njia naijua." Hakumtazama Naetwe alipolisema hilo. Wala Naetwe hakutegemea kutazamwa.

Mtu mmoja wa kwaya alimletea maji. Alikunywa, yakammwagikia kifuani, akaona aibu hata ya hilo. Alikuwa anajaribu kuinuka, ameshika tairi, alipoona viatu vimesimama mbele yake, viatu vya zamani vya uendeshaji, vimeshonwa tena na tena kwa uzi wa mkonge.

Mzee Mgonja alikuwa na kikombe chake mkononi. Alichuchumaa kwa shida mpaka macho yao yakawa sawa. Pikipiki yake ilikwisha kuyeyushwa siku nyingi ikawa masufuria; hakukuwa na pampu ya kufungua wala mpira wa kushika. Kilichobaki kilikuwa kiapo tu, na aliyekiapa alikuwa huyu huyu aliyekaa chini.

"Fundi," alisema kwa upole, kama anayeulizia habari za nyumbani. "Ile ya kwangu, uliifungua?"

Naetwe alimtazama. Alitafuta katika kichwa chake siku ile, injini ile, spana mkononi, akatafuta kwa bidii yote aliyokuwa nayo.

"Hapana, Mzee," alisema. "Sikuifungua."

Mzee Mgonja akaitikia kwa kichwa, kwamba amesikia. Akainua kikombe kilichopoa tangu asubuhi, akakipuliza kwa uangalifu, akanywa.